Usikitilie Sahihi Kifaa cha Kupumulia Ambacho Hukukivaa

Juma lililopita kijana mmoja wa Ujiji, ambaye ameajiriwa hivi karibuni kuwa zimamoto katika ghala la mafuta, aliniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Filimbi ya seti yangu inalia mapema kuliko za wenzangu, nao wananiambia kwamba napumua kwa woga. Nifanye nini?" Seti ni kifaa cha kupumulia tunachovaa tunapoingia kwenye moshi, na filimbi yake huonya kwamba hewa inakaribia kwisha. Nilimjibu siku hiyo hiyo, lakini neno hilo la woga lilinikaa kifuani, kwa sababu niliwahi kuambiwa mimi mwenyewe nilipokuwa Tabora, na hadi leo sijalisahau.

Tuliitwa alfajiri kwenye ghala la tumbaku. Marobota ya tumbaku hayawaki kama nyasi. Hufukuta ndani kwa ndani kwa saa nyingi, na moshi wake hubeba kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ambayo haina rangi wala harufu. Nilivaa seti yenye mtungi wa lita 6 uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kizio cha shinikizo), yaani takriban lita 1,200 za hewa (ni hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, si oksijeni kama wengi wanavyodhani). Kwa kazi ya wastani mtu hutumia kama lita 40 kwa dakika, kwa hiyo nilitarajia kufanya kazi dakika 20 hivi kabla ya kusikia filimbi, ambayo hulia mtungi unapobakiza karibu bar 55.

Ililia dakika ya kumi. Tulikuwa nyuma ya safu ya tatu ya marobota, mkono wangu mmoja ukiwa kwenye mpira wa maji na mwingine begani kwa mwenzangu. Nilipoimulika geji, kile kipimo cha shinikizo la mtungi, sindano ilikuwa imefika 50, na chini ya kidevu nilihisi upepo mwembamba ukitoka bila kukoma, hata nilipozuia pumzi. Tuliufuata mpira tukitambaa hadi mlangoni. Nilipovua barakoa, zilikuwa zimebaki bar 20.

Mkuu wa zamu hakuuliza kifaa kina nini. Alisema mbele ya wenzangu wote kwamba nilipumua kwa woga, kisha akaniondoa katika timu ya kuingia ndani kwa miezi mitatu. Jioni nilikaa peke yangu nikafungua kifuniko cha vali ya kutolea pumzi. Chini ya kile kipande cha mpira cha duara, chembamba kama ganda la kitunguu, palikuwa na gamba jeupe la sabuni iliyokaukia, dogo kuliko punje ya mtama. Aliyeiosha barakoa hakuisuuza. Gamba hilo liliuzuia mpira usikae sawasawa, na kwa kuwa seti hizi huweka ndani ya barakoa shinikizo linalozidi kidogo lile la nje ili moshi usipenye, hewa yangu ilikuwa ikikimbilia hapo muda wote.

Nilitaka kumpelekea mkuu lile gamba. Kabla ya hapo nikafungua daftari la ukaguzi, nikakuta sahihi ya asubuhi ile ni yangu. Nilikuwa nimetazama geji, nikaona 200, nikaandika "ipo sawa". Geji haikudanganya, mtungi ulikuwa umejaa kweli. Hitilafu ilikuwa mahali ambapo geji haiwezi kuionyesha mpaka barakoa ivaliwe. Sikwenda kwa mkuu.

Tangu siku ile sijatia sahihi kifaa ambacho sijakivaa usoni. Nafungua mtungi, naufunga, kisha natazama sindano kwa dakika nzima. Ikishuka zaidi ya bar 10, pana uvujaji, na mara nyingi mkosaji ni oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, iliyochanika kwenye maungio. Naiachia hewa taratibu ili nijue filimbi inalia kwenye bar ngapi. Navaa barakoa mtungi ukiwa wazi, nazuia pumzi na kusikiliza. Mwisho naufunga mtungi na kuvuta hewa iliyobaki mpaka barakoa inaganda usoni, nayo inapaswa kubaki imeganda. Mwaka huu, nikiwafundisha vijana hapa Kigoma, kwa njia hiyo niliziondoa kazini seti mbili ambazo daftari lilisema ni nzima, na nalisema hilo kwa fahari.

Ndugu zangu, najua kila mmoja wetu anataka kuwa wa kwanza kuingia ndani na wa mwisho kutoka, lakini ujasiri haujazi mtungi. Osheni barakoa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, mzisuuze mpaka maji yatoke safi, mzianike kivulini. Msione haya kuandika "mbovu" kwenye daftari hata kama mkubwa amekunja uso. Vaeni kwanza, sahihi baadaye. Narudia, vaeni kwanza.

Yule kijana nilimuuliza geji inasoma ngapi filimbi inapolia. Ingekuwa 90, ningeshuku filimbi au geji yenyewe. Akajibu kwamba ni 55, basi filimbi yake ni mkweli na hewa inapotelea mahali. Jana alinitumia picha ya barakoa: ukingo wa mpira umekakamaa na kupasuka karibu na taya, kwa kuanikwa juu ya bati kila baada ya kuoshwa. Nimemwambia aifunge kitambaa chekundu, aandike kwenye daftari, aikabidhi kwa fundi, na wenzake wakimtajia tena woga, awaonyeshe ule ufa.