Kwa wawakilishi wapya wa darasa: usimwelekeze tu, mfikishe

Hongereni kwa kuchaguliwa. Mtaambiwa kazi yenu ni orodha ya mahudhurio, kugawa noti na kumkumbusha mhadhiri kwamba darasa limehamishwa. Hayo mtayazoea upesi. Ila mtu wa kwanza kujua kuwa fulani haonekani ni wewe mwakilishi, kabla ya mhadhiri na kabla ya wazazi.

Kwa hiyo, kabla hujapata mwenzako mwenye shida wa kumsaidia, nenda kaione milango ya msaada yenyewe. Ofisi ya mkuu wa wanafunzi (dean) iko wapi? Mshauri nasaha huwapo siku gani? (Kwenye matawi madogo kama letu hapa Malindi, usidhani yupo kila siku.) Anataka miadi, au mtu anabisha hodi tu? Halafu tazama benchi la kungojea limewekwa wapi. La kwetu lilitazamana na kantini, na mtu akishakaa hapo kidogo, hata muuza mahamri kashajua. Nikawa nawapeleka wenzangu saa za mihadhara, watu wakiwa madarasani, na ninakaa nao. Mkikaa wawili hapana ajuaye mwenye shida ni yupi.

Shida nyingi nilizoziona zilianzia mfukoni. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, umechelewa, kodi ya chumba kule Barani haijalipwa, mtu anakula mara moja kwa siku, kisha anaanza kukosa vipindi kwa kuona haya. Huyo ushauri nasaha peke yake haumtoshi. Mfikishe pia kwa mkuu wa wanafunzi, aulize habari za basari na kuomba muda wa kulipa karo. Na kama kashakosa mitihani, ajue mapema kuwa kuahirisha masomo kwa barua si kufukuzwa. Anayetoweka kimya kimya ndiye anayepata taabu kurudi.

Ukikaa naye, mawaidha yaweke kando. Aliyetoka Faza au Kizingitini, kule visiwani Lamu, safari ya kwao ni basi mpaka Mokowe, kisha boti. Hawezi kumkimbilia mamake kila Ijumaa. Anza na yaliyo karibu: "Umekula? Usiku unapata usingizi?" Akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, wengi hushusha pumzi kwa kuulizwa. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na chochote cha kujidhuru chumbani, wala usimwahidi kwamba utaificha siri hiyo. Mwambie tu kuwa atakayejua ni yule anayeweza kusaidia.

Usiku ofisi zimefungwa, kwa hiyo ni hospitali, sehemu ya dharura, na tuktuk ipo. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya haitozi pesa, na wapo washauri wa kuzungumza nao. Wengine huogopa hospitali kwa kudhani polisi wataitwa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mwambie.

Patatokea wa kusema ana jini, asomewe. Mimi sipingi kisomo, na dua naitaka mwenyewe. Asomewe jioni, asubuhi aende kwa mshauri. Ninachokataa ni kumfungia chumbani wiki nzima akingojea shehe wakati mitihani inapita.

Usiwapigie wazazi wake bila idhini yake, isipokuwa maisha yake yamo hatarini. Wakati mwingine nyumbani ndiko shida ilikoanzia. Mama mwenye nyumba wake, akiwa mtu wa stara, hufaa zaidi: yeye huona taa ya chumba ikiwaka alfajiri na sahani ikirudi na chakula.

Akirejea darasani, mpe noti za siku alizokosa na umwachie nafasi yake ya kukaa. Maswali ya "unaendeleaje" muulizie njiani, si mbele ya watu. Na mshauri akiwa hayupo wiki hiyo, usilale na jambo la mtu. Mpigie mkuu wa wanafunzi siku hiyo hiyo.