Subjonctif imparfait: anzia kwenye passé simple

Ndugu, umeuliza utakaririje subjonctif imparfait ya Kifaransa (umbo la kitenzi la wakati uliopita linalokuja baada ya que, kama katika “nilitaka aje”) kabla ya mtihani, maana majedwali yanakuchanganya. Achana nayo. Chukua passé simple (wakati uliopita wa maandishi) katika nafsi ya pili umoja, mfano tu parlas, uongeze -se: que je parlasse. Kisha parlasses, parlât, parlassions, parlassiez, parlassent. Tu finis inakupa finisse, tu eus inakupa eusse, tu fus inakupa fusse, tu vins inakupa vinsse. Hata vitenzi vikorofi vinatii kanuni hii, kwa hiyo kama passé simple yako bado inayumba, irudie kwanza.

Pa kuwa makini ni nafsi ya tatu umoja. Hapo -sse inatoweka, inabaki t, na irabu iliyotangulia inavaa kofia (alama ^): parlât, finît, eût, fût, vînt. Tafadhali usiidharau kofia hiyo. Il fut ni passé simple, qu'il fût ni subjonctif, na kwa sikio hutazitofautisha kabisa.

Katika mazungumzo hutaihitaji subjonctif imparfait. Leo watu husema je voulais qu'il vienne (nilitaka aje), kwa subjonctif présent, yaani ya wakati uliopo. Qu'il vînt utaikuta zaidi vitabuni. Tangu 1901 serikali ya Ufaransa iliruhusu watahiniwa kutumia subjonctif présent mahali pake baada ya conditionnel (umbo la “ninge-”). Kwa hiyo jifunze zaidi kuitambua unaposoma, ukianza na fût na eût, ambazo utakutana nazo mara nyingi kuliko nyingine zote.