Ardee si jina la kilima

Mkuu, umeuliza kama Ardee, mji wa kaunti ya Louth huko Ireland, umeitwa kwa kilima. Hapana. Tahajia ya Kiingereza inapoteza wengi: wanaona "ard", neno la Kiayalandi la mahali pa juu. Anza na jina la Kiayalandi, Baile Átha Fhirdhia: mji wa kivuko cha Ferdia. Simulizi inasema Cú Chulainn, shujaa wa hadithi za kale za Ireland, alipigana pale mtoni na Ferdia, ambaye walifunzwa vita pamoja, akamuua kwa gae bolga, mkuki unaorushwa kwa mguu ndani ya maji na kufumua miba mwilini. Kisha akambeba kuvuka kivuko, akamlilia. Inaumiza sana kuisoma.

Kwa majina mengine ya mahali, tazama kwanza maandishi ya kale kwenye logainm.ie, hifadhidata ya majina ya mahali ya Ireland, halafu masimulizi ya jadi yaliyokusanywa na wanafunzi wa shule mwaka 1937 hadi 1939, kwenye tovuti ya dúchas.ie.