Ami amerudisha leso ya posa

SWALI: Mimi ni binti wa miaka 26, mkazi wa Ngamiani, Tanga. Barua ya posa ililetwa nyumbani ikiwa imefungwa kwenye leso pamoja na fedha, na ami akairudisha bila hata kufungua fundo, akidai kwamba kijana huyo, fundi wa majahazi, si kufu yetu, yaani hatulingani naye kwa hadhi, na kwamba niolewe na mwanawe. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, kufu ni neno la fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, kabla ya kuwa neno la barazani. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, hutazamwa dini, nasaba, uungwana (yaani kutokuwa mtumwa) na hata kazi ya mtu. Lakini hiyo ni haki ya mwanamke na walii wake, yaani msimamizi wa ndoa yake, ambayo wakiridhia kuiacha, ndoa husihi. Zaynab bint Jahsh, binti wa shangazi yake Mtume, aliolewa na Zayd bin Haritha, aliyewahi kuwa mtumwa. Kwetu neno hilo mara nyingi huficha swali la babu ya nani alikuwa mtumwa, ingawa utumwa ulifutwa Tanganyika mwaka 1922 (na, tuseme kweli, huficha pia minazi ambayo wazee hawataki itoke katika ukoo).

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wanaooana, hivyo huwezi kuozwa binamu yako kwa nguvu. Lakini umenyamaza kuhusu baba yako. Ikiwa yu hai, yeye ndiye walii, na leso ilikuwa yake kuipokea au kuirudisha. Mwombe shangazi yako azungumze naye.