Muziki wa kale wa Kihindi: anzia kwenye kiganja

Mkuu, umeuliza kwa nini mpiga sitari, ala ya nyuzi ya Kihindi, anakaa nusu saa nzima bila ngoma, na wewe uanzie wapi. Nami nilikwama hapohapo nilipokuwa nasoma Pune, India, hadi siku moja mzee aliyeketi kando yangu ukumbini aliponishika mkono.

Hiyo nusu saa ni alapa, yaani utangulizi usio na mdundo. Tanpura, ala ya nyuzi ya kushikilia sauti, inavuma nyuma bila kukoma, naye msanii anaitambulisha raga taratibu, sauti moja moja. Raga si wimbo. Wapenzi wa taarab wanaojua maqamu watanielewa upesi: ina sauti zake, njia yake ya kupanda na kushuka, na huko kaskazini mwa India ina hata wakati wake. Bhairav ni ya asubuhi, Yaman ya jioni, Malkauns ya usiku wa manane. Basi usikae kuisubiri ngoma. Sikiliza ni sauti ipi anairudia na ipi anaipitia juujuu.

Tabla, zile ngoma mbili za mikono, ikishaingia, fanya alichonifundisha yule mzee. Tintala, mzunguko wa mdundo unaojirudia, ina mapigo 16, manne manne. Piga kofi kwenye la 1, la 5 na la 13. La 9 usipige: geuza kiganja kitazame juu. Hapo panaitwa khali, yaani patupu, na utasikia mvumo wa ngoma ya mkono wa kushoto ukitoweka. Kisha mnarudi pigo la kwanza, samu. Jioni ile mpiga sitari alitoroka, mpiga tabla akamfuata mbio, kifungu kimoja wakakirudia mara tatu, wakatua samu pamoja. Ukumbi mzima ukasema "wah!" Na kofi langu lilikuwa limetua nao. Sijaisahau.

Kusini mwa India mtindo wao unaitwa Karnatak, na huko nyimbo zilizotungwa ndizo uti wa mgongo, hasa za mtunzi Tyagaraja (1767–1847). Ngoma yao ni mridangam, na fidla ya Ulaya wameifanya yao kabisa, wanaipiga wameketi chini, kichwa chake kimeegemea mguu. Wasikilizaji wa Chennai, mji wa huko kusini, nao wanahesabu, kwa makofi na vidole.

Ushauri wangu: shika Yaman peke yake mwezi mzima, jioni. Msikilize Bhimsen Joshi akiiimba, kisha Vilayat Khan kwenye sitari. Utakapoitambua kwa mwingine kabla hujaambiwa jina, njoo tuendelee na Malkauns.