Mabaka yanayorudi kila kaskazi

Dada uliyeuliza kutoka Lamu kuhusu mabaka ya kijana wako, yale ya shingoni na mgongoni yaliyobaki vilevile baada ya vidonge vya griseofulvini: hiyo haielekei kuwa choa. Dalili ulizotaja ni za Malassezia, fangasi wa jamii ya hamira anayeishi kwenye ngozi za watu karibu wote. Kijana hakuambukizwa, wala si mchafu. Griseofulvini ni dawa ya choa na mapunye; kwa hamira hii haifui dafu.

Chakula chake ni mafuta ya ngozi. Ndiyo maana husumbua zaidi kuanzia balehe, na hupenda kifua, mgongo na shingo kuliko miguu. Kaskazi ikishika, jasho likikaa chini ya fulana ya nailoni, hamira huota nyuzi na kuenea kwenye tabaka la juu la ngozi. Hapo hutoa asidi inayozuia ngozi kutengeneza rangi. Na yale mafuta ya nazi mnayompaka kila usiku? Acheni kwanza, mnailisha.

Kwaruza baka taratibu kwa ukucha. Likitoa unga mwembamba, ndilo. Likiwa jeupe pe bila unga, huenda ni mbalanga. Likiwa na ganzi, mpeleke hospitali upesi, apimwe ukoma.

Dawa: shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Aloweshe mwili, apake kuanzia shingoni hadi kiunoni pamoja na mikono ya juu, akae dakika 5, aoge. Siku 5 mfululizo. Ukipata ya seleniamu salfaidi ya asilimia 2.5, ni dakika 10 kwa siku 7. Wengi hupaka baka tu, na hamira iliyo pembeni, ambayo bado haionekani, inabaki salama. Krimu ya klotrimazoli inatosha kwa baka moja mawili; kwa mgongo mzima utamaliza tyubu bure. Zile krimu za mchanganyiko zenye betamethasoni usiziguse: muwasho unatulia, fangasi ananawiri. Vidonge vya ketokonazoli navyo vikatae, vinaweza kuharibu ini.

Sasa subira. Fangasi akishakufa, weupe hubaki wiki kadhaa, hata miezi, hadi ngozi irudishe rangi. Usianze dawa upya kwa sababu hiyo. Kwaruza tena, na kama hakuna unga, mwache. Kaskazi ijayo apake shampuu hiyohiyo mara moja kwa mwezi, kabla mabaka hayajatokea.