Wasomaji Wauliza: Moto wa Konde Ukipakana na Msitu wa Hifadhi

Assalaam alaykum. Konde langu la choroko na mtama liko maweni, upande wa Kiwengwa, limepakana na hifadhi. Kila kaskazi nafyeka na kuchoma. Mwaka huu sheha katwambia tusiwashe mpaka kamati ya msitu ya kijiji ipite. Kamati inaangalia nini, na moto huchomwaje usivuke mpaka?
*Mkulima, Kiwengwa*

Waalaykum salaam, ndugu yetu. Kwanza jiulize kama unahitaji kuchoma. Penye udongo wenye tindikali majivu husaidia kwa sababu huipunguza. Maweni ni jiwe la chokaa, tindikali hiyo hakuna, kwa hiyo unachopata ni potasi kidogo ya msimu mmoja au miwili. Unachokitoa ni mboji nyeusi iliyojikusanya kwenye nyufa za jiwe, na maweni hayana udongo mwengine. Naitrojeni yake huondoka na moshi. Ndiyo maana konde huchoka upesi na wewe ukalazimika kufyeka jengine. Majani na vitawi ukivilaza baina ya mistari ya choroko huoza hapo hapo na kuhifadhi unyevu, jambo lenye thamani kubwa mahali ambapo maji ya mvua hupotelea chini ya jiwe.

Kama miba imezidi na huna budi, safisha ukanda wa mita 5 upande wa hifadhi na mita 3 pande nyengine. Kufyeka peke yake hakutoshi. Kwangua kwa reki mpaka jiwe lionekane, kwa sababu moto hutambaa kwenye majani makavu yaliyobaki chini, na huko ndiko unakovukia. Takataka zilete katikati ya konde, malundo yasipite kimo cha kiuno. Makuti na makumbi yaondoe kabisa: kuti linalowaka hubebwa na upepo likauruka ukanda wote.

Washa kuanzia saa 11 jioni, upepo unapopungua na hewa kuanza kupata unyevu. Saa 7 au saa 8 mchana usithubutu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, basi anzia ukingo wa kusini magharibi ili moto urudi dhidi ya upepo polepole. Ukianzia upande wa pili upepo utausukuma na hutaufikia. Wawepo watu wasiopungua 4, na madumu ya lita 20 yasiyopungua 6 yaliyokwisha kujaa kabla kibiriti hakijawashwa. Wekeni na magunia ya mchanga, maana maweni hayana udongo wa kuchota kwa koleo.

Kuzima ndiko kunakowashinda wengi. Moto huingia kwenye mizizi na mboji ndani ya nyufa, ukafuka bila ya moshi wa kuonekana, kisha siku ya pili au ya tatu upepo ukauamsha. Mwaga maji, koroga kwa fimbo ndani ya ufa, mwaga tena. Usiku zunguka bila ya taa, kaa jekundu hujionesha lenyewe. Asubuhi pitisha mgongo wa mkono juu ya jivu, na penye joto anza upya. Rudi tena siku ya tatu.

Ama kamati, yenyewe itaangalia ukanda, watu na maji. Itaangalia pia kama konde lako limo katika sehemu iliyotengwa kwa kilimo. Sheria ya Misitu ya Zanzibar Namba 10 ya 1996 ndiyo iliyofungua mlango kwa Idara ya Misitu kufunga mikataba na wananchi, na mikataba hiyo huugawa msitu wa kijiji: pa kulinda kabisa, pa kuchuma kuni na majenzi kwa utaratibu, pa kulima. Idara haina walinzi wa kusimama kila mpaka. Anayeuona moshi mwanzo ni jirani, na tunaona ni haki kabisa jirani huyo awe na sauti kabla ya moto kuwashwa.

Tunarina asali karibu na Ngezi. Mwenge wa makuti ndio tuliourithi. Upo ubaya gani?
*Mrina asali, Micheweni*

Upo mkubwa, tena si kwa msitu tu. Cheche huanguka kwenye majani makavu wakati macho yenu yako juu, na nyuki wengi huungua. Tumieni bomba la moshi lenye makumbi yaliyolowa kidogo, linatoa moshi bila ya mwale. Kabla ya kupanda, safisheni chini ya mti mduara wa mita 2 na mmoja abaki hapo na dumu la maji. Mkimaliza, makumbi yazamishwe majini, yasimwagwe msituni. Na Ngezi ni hifadhi, ndimo wanamoishi popo wa Pemba wasiopatikana penginepo duniani. Kibali kwanza, asali baadaye.

Kwa nini mashamba ya mvinje ya Serikali hukatwa njia pana zisizopandwa kitu? Si hasara ya ardhi?
*Msomaji, Unguja Ukuu*

Si hasara. Mvinje huangusha vijani vyembamba vinavyojilaza kama mkeka mkavu, na mti wenyewe ukiungua chini kwa kawaida hufa, hauchipui vyema kama msaji. Bila ya njia, moto mmoja huchukua shamba zima. Njia huugawa moto vipande vipande na kuwapitisha wazimaji na gari. Lakini njia isiyofyekwa kabla ya kiangazi huota nyasi, na nyasi zikikauka huwa utambi. Mkiiona imeota, mwambieni sheha mapema.

Kipande cha msitu wetu kimeungua. Tunaweza kupanda muhogo hapo na kuchukua miti iliyokufa?
*Mwanakamati, Kusini Unguja*

Muhogo, hapana. Visiki vingi vya maweni huchipua vyenyewe mvua zikinyesha, na jembe litaviua. Zuieni mbuzi na ng'ombe wasile machipukizi. Miti iliyokufa nayo huombewa kibali, vyenginevyo kila mwenye haja ya kuni atajifunza kuwa njia ya kuzipata ni kuwasha moto.